Marudio Yaliyovunja Rekodi na Yaliyovunja Moyo

Ukiniuliza ni filamu gani iliyorudiwa vibaya kuliko zote, jibu ninalo: Sholay. Naisema ile ya 1975, ya Jai na Veeru, iliyooneshwa mfululizo kwa zaidi ya miaka 5 katika jumba la Minerva mjini Mumbai. Mwaka 2007 Ram Gopal Varma aliirudia kwa jina la Ram Gopal Varma Ki Aag, na wahakiki wengi wa India wakaihesabu miongoni mwa filamu mbovu kabisa zilizowahi kutoka kwao. Mwaka 2015 Mahakama Kuu ya Delhi ikamtoza rupia milioni 1 kwa kukiuka hakimiliki.

Mtu aliyekulia Kidete, penye stesheni ya Reli ya Kati kati ya Kilosa na Gulwe, aitazame ile treni ya mizigo ya Sholay. Mwongozaji wake, Ramesh Sippy, alitumia takriban wiki 7 kupiga picha za majambazi wenye farasi wakiivamia. Thakur, askari polisi, anajeruhiwa humo, na wafungwa wake wawili, Jai na Veeru, wana nafasi ya kutoroka. Jai anarusha sarafu: wakimbie, au wampeleke hospitali? Mwishoni mwa filamu ndipo tunapogundua kuwa sarafu ile ina pande mbili zinazofanana. Jai hakuwa akibahatisha kamwe.

Varma alikihama kijiji cha Ramgarh akaileta hadithi mjini Mumbai. Hapo ndipo alipoharibu. Jambazi Gabbar Singh anatisha kwa sababu kijiji kiko peke yake na msaada uko mbali. Ndani ya jiji, hofu ile haina pa kushika. Mikono ya Thakur iliyokatwa ikawa vidole tu. Amitabh Bachchan, aliyekuwa Jai, akapewa nafasi ya jambazi, kana kwamba jina lake lingetosha. Wala kuazima si kosa: Sholay yenyewe inadaiwa na Seven Samurai ya Kurosawa ya 1954, lakini waandishi wake waliipandikiza katika udongo wao ikaota.

Marudio yaliyoingiza fedha nyingi kuliko filamu yake ya awali ya 1994, na bado yakapungukiwa, ni The Lion King ya 2019: zaidi ya dola bilioni 1.6. Kompyuta zilimtengeneza simba anayefanana kabisa na wale wa Hifadhi ya Mikumi. Tatizo ni hilohilo. Simba wa Mikumi hanyanyui nyusi wala halii kwa namna tunayoitambua sisi. Mtoto Simba anapojipenyeza chini ya mkono wa baba yake Mufasa aliyekufa, mchoro wa 1994 unamwonesha akivunjika uso mzima. Huyu wa 2019 ni mnyama mzuri aliyelala kando ya mnyama mwingine.

Aliyefuata ya awali kwa karibu zaidi ni Gus Van Sant: mwaka 1998 alirudia Psycho ya Hitchcock ya 1960 karibu picha kwa picha, kwa rangi. Hofu haikufuata. Ben-Hur nayo ilishuka kutoka juu zaidi, kwani ile ya 1959 ilipata tuzo 11 za Oscar, rekodi ambayo bado haijapitwa, na ya 2016 haikupata hata moja. Lakini hata ile ya 1959 ilikuwa marudio, ya filamu ya 1925!

Upande wa waliofaulu, The Departed ya 2006, iliyotokana na Infernal Affairs ya Hong Kong, ilitwaa Oscar ya filamu bora. Mwongozaji wake, Scorsese, aliihamishia Boston, kwa Waayalandi wa huko na lafudhi yao.

Kwetu, aliyerudia kwa gharama ndogo kuliko wote ni Derek Mukandala, aliyejulikana kama Lufufu. Hakupiga picha hata moja. Alichukua filamu za kigeni akazisimulia kwa Kiswahili juu ya sauti za awali, akieleza, akionya, akiongeza la kwake, na watazamaji wa vibanda umiza wakamfuata yeye kuliko waigizaji. Hao wenye mamilioni ya dola wangemsikiliza.