Homa isiyokwisha huenda inatoka moyoni

HOMA imekuja na kwenda kwa majuma matatu. Mgonjwa hutokwa na jasho usiku, amekonda, na akipanda ngazi hutweta. Umemnunulia dawa za malaria, kisha ukamnunulia antibiotiki katika duka la dawa karibu na steji ya Kitengela. Alipata nafuu siku mbili tatu, halafu homa ikarudi.

Msomaji, kabla hujarudi dukani mara ya tatu, jiulize swali moja: Je, mtu huyu aliwahi kuambiwa kwamba ana kasoro ya moyo?

Moyo una vilango vinne ambavyo madaktari huviita vali. Kazi yake ni kufunguka na kufungika ili damu iende mbele, isirudi nyuma. Hufanya hivyo karibu mara 100,000 kwa siku. Kilango kizima hakishikwi na viini kwa urahisi. Kilicho hatarini zaidi ni kile chenye kovu, au cha bandia.

Hapa kwetu kovu hilo mara nyingi huanza utotoni. Mtoto huumwa na koo, hatibiwi kwa penisilini, kisha hupatwa na homa ya baridi yabisi inayoharibu vilango. Miaka baadaye, viini kutoka kwenye jino bovu, jipu au sindano chafu huingia katika damu na kukita hapo. Kwa wafugaji wa Kajiado kuna njia nyingine: maziwa mabichi yenye viini vya brusela. Ni nadra brusela kufika moyoni, lakini ikifika ni hatari mno.

Viini hivyo hujijengea vichuguu juu ya kilango. Kipande kikimeguka, damu hukibeba hadi ubongoni na kuleta kiharusi, au hadi kwenye figo. Kilango chenyewe kikitoboka, damu hurudi nyuma na mapafu hujaa maji.

Tiba ya kwanza ni antibiotiki kupitia mshipa, kwa kawaida kwa majuma manne hadi sita. Lakini ili daktari ajue dawa ipi itafaa, ni lazima damu itolewe zaidi ya mara moja na viini vikuzwe katika maabara. Hapa ndipo vidonge vya dukani huleta hasara. Hupunguza viini hata maabara isivione, lakini haviviangamizi.

Je, ni lini kisu huhitajika? Sababu kuu ni tatu: moyo umeshindwa kusukuma damu kwa vile kilango kimeharibika, dawa zimeshindwa au usaha umejichimbia ndani ya moyo, au vichuguu ni vikubwa na vinatishia kumeguka. Zamani wengi walidhani kuweka kilango kipya mahali penye viini ni kujitafutia balaa. Mwaka 1965, madaktari wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, walieleza jinsi walivyofanya hivyo na mgonjwa akapona. Tangu hapo mawazo yakabadilika.

Wakati wa upasuaji, kifua hufunguliwa na mashine hufanya kazi ya moyo na mapafu. Sehemu iliyooza hukatwa, kisha kilango hushonwa au hubadilishwa. Mgonjwa wa Kajiado mjini hulazimika kusafiri karibu kilomita 80 hadi Nairobi, ambako kuna Hospitali Kuu ya Kenyatta na hospitali ya Mater. Wengine huenda Tenwek, Bomet. Uliza mapema ni kiasi gani kitalipwa na SHA, bima iliyochukua nafasi ya NHIF mwaka 2024.

Tusidanganyane, upasuaji huu una hatari zake. Mgonjwa anaweza kuvuja damu, kupata kiharusi au figo zikalegea. Wengine mapigo ya moyo huvurugika hata wawekewe kifaa cha kuyaongoza. Na kilango kipya chenyewe chaweza kushikwa na viini. Lakini kwa mgonjwa ambaye moyo wake umeshindwa, kungoja mara nyingi ni hatari zaidi.

Kuna uamuzi mwingine ambao familia inapaswa kuufanya pamoja na daktari. Kilango cha bandia kigumu hudumu miaka mingi, lakini mgonjwa hunywa wafarini maisha yake yote na kupimwa damu mara kwa mara. Ikizidi, huvuja damu. Ikipungua, damu huganda. Tena dawa hiyo yaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Kilango kilichotengenezwa kwa viungo vya ng'ombe au nguruwe kwa kawaida hakihitaji wafarini ya maisha, ila huchakaa, na kwa vijana huchakaa upesi. Msichana wa miaka 20 anayetarajia kuzaa ana haki ya kuelezwa haya yote kabla ya kutia sahihi.

Ukirudi nyumbani, yazingatie haya. Safisha meno kila siku, iwe kwa mswaki wa dukani au wa mti. Mwambie daktari wa meno kuhusu moyo wako kabla hajang'oa jino, maana huenda ukahitaji dawa kwanza. Hata jino la kung'olewa kimila lisiguswe kabla daktari hajaulizwa. Chemsha maziwa. Kama daktari amekuandikia sindano za penisilini za kila majuma matatu au manne, usiruke hata moja.

Na homa ikizidi juma moja, nenda hospitalini, iwe ni ya Kitengela au ya Kajiado, useme waziwazi: "Nina ugonjwa wa moyo. Tafadhali nitoeni damu kabla ya kunipa antibiotiki." Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ukuta wa moyo, msomaji, gharama yake ni kubwa.