Listi ya wanamemba si karatasi ya kufungia karanga

Wiki ile ya malipo ya mpunga, wanamemba watatu wa koperative moja ya hapa Mangobo walipigiwa simu na mtu wasiyemjua. Alitaja majina yao yote, alijua kila mmoja alileta kilo ngapi, kisha akaomba namba ya siri ya M-Pesa "ili feza iingie." Mama mmoja alishituka, akakata. Wale wengine wawili, feza yao ilienda.

Aliyatoa wapi? Hatuna uhakika, lakini kosa letu tunalijua. Listi tuliituma sisi, kwa imeli, kutoka cyber, wazi kabisa: majina, telefone, kilo, feza. Fichie ilibaki kwenye kompyuta ya watu. Imeli namna hiyo ni barua isiyo na bahasha unayompa mwenye toleka aipeleke hadi mjini.

Siku hizi tunafanya hivi. Sekretari anaandika listi katika Excel ao LibreOffice, na wakati wa kuihifadhi anaifunga kwa neno la siri. Fichie zikiwa nyingi, anazikusanya kwa 7-Zip, programu ya bure, akichagua AES-256. Jina la fichie liwe la kawaida tu, sababu ndani ya zip majina yanaonekana hata bila kuifungua. Neno la siri analitoa kwa mdomo, kwa telefone. Hapana kuliandika katika imeli ile ile! Na hapana "Mangobo2024". Maneno manne ao matano yasiyohusiana ndiyo mazuri. Mukilisahau, hakuna fundi wa kuwasaidia. Kwetu limeandikwa katika daftari, ndani ya sanduku la feza, na anayeshika ufunguo ni mama yule aliyekata simu.

Anwani nayo musome herufi kwa herufi, sababu boksi inajijaza yenyewe. (Siku moja bei zetu zilimfikia mnunuzi mwenyewe.)

Prezida mmoja alituambia: "Ni listi tu." Hapana. Kodi ya numeriki ya tarehe 13 Machi 2023 inalinda habari za mtu katika Kongo, na mwanamemba alitupatia namba yake ili alipwe, basi. Anayepima kilo hahitaji telefone ya mtu: mufute safu hiyo mbele ya kutuma.

Sekretari anayetaka kuonyeshwa aje ofisini na fichie yake kwenye kle USB. Ni kazi ya nusu saa.