Kabla ya kumpokonya mtoto simu, tazama anacheza nini

Bila shaka umewahi kuketi sebuleni jioni, chai i mezani, na mtoto pembeni ameinamia simu yako kana kwamba humo ndimo ilimo riziki yake. Unaita mara ya kwanza, kimya. Unaita mara ya pili, anaitika bila kuinua kichwa. Mara ya tatu unaondoka kitini.

Mimi niliondoka kitini Jumapili moja. Mpwa wangu wa Gredi ya Saba alikuwa amekaa na simu yangu saa nzima, nami nilitaka kumtumia mama mboga pesa zake. Nikampokonya na kumwambia maneno ambayo sitayaandika hapa. "Shangazi, imebaki hatua moja tu!" alilia. Nilipotazama kioo, sikuona bunduki wala magari yakigongana. Niliona roboti mdogo amesimama juu ya vigae.

Mchezo huo ni Lightbot, uliotungwa mwaka wa 2008 na Danny Yaroslavski wa Kanada na baadaye ukaingia katika simu za mkono. Kazi ni kumfikisha roboti kwenye vigae vya buluu aviwashe taa. Lakini humsukumi kwa kidole. Unampangia amri zote kwanza: nenda mbele, geuka kushoto, ruka, washa. Kisha unabonyeza, naye anazifuata moja moja bila kukuhurumia. Ukisahau kumgeuza, atakazana na ukuta mbele ya macho yako.

Utamu wenyewe, na uchungu pia, ni kwamba nafasi za amri ni chache. Njia ni ndefu kuliko nafasi ulizopewa. Utafanyaje? Hebu fikiria jikoni. Binti akishajua kupika chapati, humwambii tena akande unga, akate madonge, asukume, apake mafuta. Unasema tu "pika chapati". Katika mchezo huu pia, amri zinazojirudia unazifungia katika kisanduku kimoja, kisha unakiita kila unapokihitaji. Kisanduku kikijiita chenyewe, kazi inazunguka. Waandishi wa programu za tarakilishi hufanya hivyo kila siku.

Nilidhani ni kitoto. Hatua ile niliyomkatiza mpwa wangu ilinishinda kwa dakika arobaini, na mama mboga akapiga simu kuuliza pesa zake.

Mwanafunzi wa chuo naye ajaribu Human Resource Machine, mchezo wa mwaka wa 2015 wa kampuni ya Tomorrow Corporation ya Marekani. Humo unamwelekeza karani anayepokea namba upande huu na kuzitoa upande ule. Amri ni chache mno. Ya kuzidisha haipo kabisa, kwa hivyo huna budi kujumlisha tena na tena. Ukifaulu, mchezo unakuonyesha kama ungetumia amri chache zaidi, au ungemaliza upesi zaidi. Ndivyo mashine inavyofanya kazi ndani kwa ndani.

Mwaka wa 2022 taasisi ya mitaala, KICD, iliidhinisha mtaala wa kufundisha uandishi wa programu katika shule za msingi na za sekondari nchini. Ni jambo jema, ila katika nyumba nyingi za mitaa yetu tarakilishi pekee ni simu ya mzazi, nayo ndiyo duka, benki na kibarua.

Kwa hivyo patana na mtoto saa zake. Pakua mchezo mahali penye intaneti ya bure, uepuke ile iliyojaa matangazo. Usiukabidhi mmoja matumaini yote: Grasshopper wa Google, ulioanza 2018, ulifungwa 2023. Wala usidanganyike kwamba akimaliza hatua zote amekuwa fundi. Amejifunza kupanga mawazo na kutafuta alipokosea. Kuandika lugha kama Python kutamtaka kibodi na subira nyingine.

Mpwa wangu sasa hurudisha simu bila kuitwa. Jumapili iliyopita aliniletea mwenyewe, betri imebaki asilimia tatu, akauliza kama tunaweza kukopa tarakilishi kwa jirani.