Kizibo cha Soda Chini ya Land Rover 109

Kizibo cha chupa ya soda kina upana wa milimita 32 hivi. Tairi la Land Rover 109, lile la saizi ya 7.50-16 lililozoeleka kwenye njia za vumbi za Handeni, lina kimo cha milimita 800 hivi. Gawanya 800 kwa 32, utapata 25. Kwa hiyo mtoto wa Chanika au Mkata anayefunga vizibo vinne chini ya Land Rover yake ya mabua anaunda gari kwa skeli ya 1:25, hata kama neno skeli hajalisikia popote isipokuwa kwenye somo la ramani. Ni skeli ileile ambayo kampuni ya AMT ya Marekani imeitumia tangu mwishoni mwa miaka ya 1950 kuuza vifurushi vya magari ya plastiki ya kuunga kwa gundi.

Naanzia hapo kwa sababu wengi wakisikia habari ya kuunda magari ya mfano hudhani ni starehe ya Wajapani na Wazungu wenye nafasi na pesa. Vifurushi ni vyao, hilo kweli. Lakini kifurushi kinampunguzia mtu kazi ngumu kuliko zote: kuamua kila kipande kiwe na ukubwa gani. Gari la kuchezea likibingirika limetosha. Gari la mfano lazima lifanane na lile la barabarani, na kufanana huko kunatokana na kugawanya. Kijana wa Korogwe asiye na kifurushi hugawanya kwa macho, na macho ya aliyekulia kando ya barabara ya Segera kwenda Mombo si ya kudharau. Anajua basi kwa taa zake likiwa bado mbali.

Kanuni ya kwanza, basi, ni kuanza na tairi. Bodi unaweza kuirefusha au kuifupisha upendavyo, lakini tairi utakalolipata ndilo hilo: kizibo, kifuniko cha kopo, au duara lililokatwa kwenye ndala iliyochakaa. Pima tairi ulilonalo, pima tairi la gari halisi, gawanya, na namba utakayoipata uitumie kwa kila kitu kingine bila huruma. Land Rover 109 imepata namba yake kutokana na inchi zilizopo kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, yaani sentimita 277. Urefu wake ni sentimita 444 hivi na upana 168. Kwa skeli ya 1:25, ekseli zitaachana kwa sentimita 11, urefu wote utakuwa karibu 18, na upana chini kidogo ya 7. Ukiyafuata haya, hata boksi la biskuti lisilopakwa rangi litatambulika kuwa ni Land Rover.

Kwenye mabasi ndiko watu hupotea. Basi la mita 12 linavaa tairi la 295/80R22.5, ambalo kimo chake ni mita 1.04. Livishe kizibo kilekile cha soda, na skeli inageuka kuwa kati ya 1:32 na 1:33. Bodi sasa inadai sentimita 37 za urefu na karibu 8 za upana. Muundaji aliyeokota boksi la sentimita 25 halikatai boksi, analifuata, na matokeo yake ni Hiace iliyonenepa. Dawa si kutafuta boksi kubwa tu. Unaweza kulibakiza boksi ukabadili tairi: kwa basi la sentimita 25 skeli ni 1:48, na tairi linatakiwa liwe na milimita 22 hivi.

Wakubwa wa kazi hii duniani nao walichagua skeli kwa namna hiyohiyo ya kubahatisha. Tamiya wa Shizuoka, Japani, walipotengeneza kifaru chao cha Panther cha plastiki mwanzoni mwa miaka ya 1960, walikipa ukubwa wa kutosha kumeza betri na mota. Walipokuja kupima waligundua ni 1:35, na leo vifaru vya mfano dunia nzima hufuata namba hiyo. Ile 1:43 ya magari madogo ya chuma imetoka relini. Treni za kuchezea za Uingereza zilipimwa kwa milimita 7 kwa kila futi moja, na Frank Hornby wa Liverpool, aliyeuza treni hizo, alitoa vigari vya kupanga kando ya stesheni zake. Mwaka 1934 vikapewa jina la Dinky Toys. Betri, reli, kizibo: kila mmoja alianza na kile kilichokuwa mezani kwake.

Tuje kwenye malighafi, maana hapa wilaya hizi mbili, Handeni na Korogwe, zina utajiri wake. Handeni ni nchi ya mahindi, na bua kavu la mahindi lina vitu viwili ndani yake: ganda gumu linalochanika kuwa vijiti vyembamba, na moyo laini unaokatika kwa wembe. Vijiti huwa misumari, vipande vya moyo huwa matofali. Gari zima linaungwa bila tone la gundi. Ubaya wake ni kwamba wadudu hulipenda kuliko mwenye nalo, na mvua za masika zikilikuta nje halimalizi wiki.

Korogwe ina kitu bora zaidi, na nashangaa kwamba kinasifiwa kidogo. Mkonge uliletwa nchini mwaka 1893, pale Dk. Richard Hindorf alipoagiza miche 1,000 kutoka Florida na ikafika hai 62 tu. Kutoka kwenye hiyo 62 yakaenea mashamba, yakiwemo ya Ngombezi, Magoma na Hale. Mmea wa mkonge ukikomaa hutoa katikati mti mmoja mrefu wenye maua, mita 5 au 6, kisha hufa. Mti huo ukikauka ni mwepesi ajabu. Kisu kinauchonga bila kubishana, na msasa unaulainisha. Waundaji wa mifano Ulaya na Marekani hununua mbao za balsa kutoka Ekwado kwa sifa hizihizi, na kwa bei isiyo ndogo. Shida ya mti wa mkonge ni kwamba moyo wake una vinyweleo na humeguka pembeni. Changanya gundi nyeupe ya mbao na maji, nusu kwa nusu, upake na uache ukauke kabisa kabla ya kupiga msasa. Ganda la nje usilitupe, lichane uunde bampa na ngazi za basi.

Nyenzo ya tatu ni waya, na hapa ndipo kazi inapokuwa uhandisi. Gari la waya la Afrika ya Mashariki na Kusini, lile ambalo Malawi huitwa galimoto, huendeshwa na mtu aliyesimama: fimbo ndefu imepanda kutoka kwenye gari hadi kiunoni, na juu yake kuna usukani. Namna rahisi ni kuigeuza ekseli yote ya mbele kwa pini moja ya katikati. Inafanya kazi, lakini kona ikiwa kali gari hulala ubavu, kwa sababu tairi za mbele zinapogeuka na ekseli yake, miguu minne iliyolishikilia gari hubaki karibu mitatu.

Namna ya pili inafuata magari halisi: ekseli haiendi popote, kila tairi hugeuka kwenye pini yake, na waya mmoja, tairodi, huziunganisha. Ila gari linapokata kona, tairi la ndani huzunguka duara dogo kuliko la nje, kwa hiyo lazima lipinde zaidi. Zikipinda sawasawa, moja itaburuzwa. Jambo hili lilitatuliwa kabla ya injini, kwa ajili ya magari ya farasi. Aliyebuni alikuwa Georg Lankensperger wa Munich, na wakala wake Rudolph Ackermann akasajili hataza mjini London mwaka 1818. Siri iko kwenye ile mikono miwili mifupi inayoishika tairodi nyuma ya ekseli. Isielekee nyuma moja kwa moja, iegemee ndani kidogo, kiasi kwamba ukivuta uzi kutoka kwenye kila pini kupitia ncha ya mkono wake, nyuzi mbili zikutane katikati ya ekseli ya nyuma. Plaizi na uzi vinatosha. Fanya hivyo, kisha sukuma gari kwenye mchanga laini uone alama za tairi: hakuna itakayokuwa imeburuzwa.

Kuna wanaotaka na springi. Wakumbuke kwamba ukipunguza urefu mara 10, uzito wa kitu kilekile hupungua mara 1,000. Land Rover ya tani moja na nusu ingekuwa kilo moja na nusu tu kwa skeli ya 1:10, hata kama ungeitengeneza kwa vyuma vyake vyote. Ya waya mtupu itakuwa nyepesi zaidi. Springi za waya mnene zitapendeza machoni lakini hazitanyumbuka. Tumia mkanda mwembamba wa chuma wa kufungia mizigo, jani moja au mawili, au kubali ziwe pambo.

Rangi nayo ina skeli, jambo ambalo mafundi rangi wa magari hulisahau wakiombwa kumsaidia mtoto. Rangi ya gari halisi ina unene wa sehemu ya kumi ya milimita. Piga unene huohuo kwenye gari la 1:25 na umefanya sawa na kulipaka gari halisi tope la milimita 2.5, mistari ya milango inazibika na vitasa vinazama. Ongeza thina, piga nyepesi, rudia. Mng'ao wa dukani haufai, kwani gari linaloonekana dogo hivyo ni kama unalitazama kutoka mbali, na kwa mbali hakuna rangi kali. Vumbi ndilo linalomaliza kazi. Udongo mwekundu wa Handeni, uliopondwa na kuchujwa kwa kitambaa cha kanga, ukibandikwa kwa vanishi iliyozimuliwa, unashinda unga wowote wa kununua. Ila usiumwage kila mahali. Vumbi halisi hukaa chini ya milango, nyuma ya tairi na kwenye mlango wa nyuma. Kioo cha mbele huachiwa nusu duara mbili za waipa. Hasegawa wa Japani wanauza kifurushi cha 1:24 cha Datsun 240Z iliyoshinda East African Safari Rally mwaka 1971 chini ya Edgar Herrmann na Hans Schüller, na wanunuzi wa ng'ambo hutazama picha za zamani wakijiuliza vumbi la huku lina rangi gani. Sisi tunalipangusa viatuni.

Kukarabati ni kazi tofauti kabisa na kuunda, na inadai unyenyekevu. Kwa gari la waya, adui ni kutu. Lisugue kwa msasa laini, vipande vidogo uvilaze kwenye siki au maji ya limao, suuza, kausha vizuri, kisha paka mafuta mepesi. Palipofungwa kwa mpira wa tyubu, rudishia mpira wa tyubu. Usilete gundi ya sekunde kwa sababu tu unayo. Na mikunjo ambayo mwenye gari aliikunja kwa mkono usiinyooshe yote. Hiyo ndiyo saini yake.

Vigari vya chuma vinavyookotwa kwenye marobota ya mitumba, Dinky na hasa Matchbox zilizoanza mwaka 1953, vimemiminwa kwa aloi ya zinki yenye aluminiamu kidogo. Chini kuna ribiti moja au mbili. Zitoboe taratibu, bodi itaachana na sakafu. Toa kioo na plastiki zote kwanza, ndipo ubandue rangi kwa mafuta ya breki, ukiwa na glavu na mbali na jiko. Kostiki soda ya kutengenezea sabuni usiiguse, maana hula zinki yenyewe.

Ukikuta kigari cha kabla ya Vita Kuu ya Pili kina nyufa kama za matope yaliyokauka, kiache. Ndani ya zinki yake mliingia risasi kidogo kiwandani, na aloi hiyo huoza kutoka ndani, haraka zaidi penye joto na unyevu kama wetu. Haina tiba. Mahali pakavu pataichelewesha tu. Na kigari cha zamani chenye rangi yake ya asili, hata iliyochubuka, mimi sikipaki upya. Rangi mpya inaweza kupigwa wakati wowote. Ile ya kwanza ikishabanduliwa hairudi.

Land Rover 109 za mwisho zilitoka kiwandani mwaka 1985, kwa hiyo changa kuliko zote sasa ina miaka kama 40. Zilizobaki zinaendelea kukatwakatwa na kuuzwa kama chuma chakavu, pamoja na malori ya Scania yaliyounganishwa kwenye kiwanda cha TAMCO, Kibaha. Basi, ndugu msomaji wa Handeni au Korogwe, ukiiona moja imeegeshwa, omba ruhusa kwa mwenye nayo na uchukue futi kamba. Andika umbali wa ekseli hadi ekseli, urefu, upana, kimo na kipenyo cha tairi, na piga picha mbele, nyuma na ubavuni huku umesimama mbali kidogo ili picha isipinde. Vipimo vitano na picha tatu vinatosha kumpa muundaji yeyote kazi ya mwaka mzima.