Likizo ya baridi China: Mambo ya kujua kabla ya kwenda kuteleza kwenye theluji

Vijana wengi wa Afrika Mashariki wanasoma katika vyuo vikuu vya China. Vyuo hivyo hufunga kwa likizo ya majira ya baridi kati ya Januari na Februari, na ndipo wengi wao hualikwa na wenzao kwenda milimani kuteleza kwenye theluji. Wengine hualika ndugu kutoka nyumbani wawatembelee. Ni safari ya furaha, lakini asiyejiandaa anaweza kupoteza fedha, kuvunjika mguu au kuumizwa vibaya na baridi. Makala hii inaeleza mambo ya msingi, kwako wewe unayesafiri na kwako wewe mzazi unayeombwa nauli.

Baridi yenyewe ni ya namna gani?

Friza ya kugandishia samaki au nyama huwekwa kwenye nyuzi 18 hivi chini ya sifuri. Katika mji wa Harbin, kaskazini mashariki mwa China, usiku wa Januari kwa kawaida huwa na baridi kuliko hiyo. Baridi ya Lushoto, Limuru au Kabale haikupi picha kamili, kwa sababu kule maji ukiyamwaga nje yanaganda muda si mrefu.

Upepo huongeza makali. Mtu anayeteleza kwa kasi hujitengenezea upepo wake mwenyewe, na uso, masikio na vidole ndivyo huumia kwanza.

Uende wapi?

Maeneo mawili yanajulikana zaidi. La kwanza ni Chongli, katika mji wa Zhangjiakou, jimbo la Hebei, kaskazini magharibi mwa Beijing. Hapa ndipo yalipofanyika baadhi ya mashindano ya Olimpiki ya majira ya baridi ya Februari 2022. Reli ya mwendo kasi iliyofunguliwa Desemba 2019 inafika hadi kituo cha Taizicheng, karibu kabisa na viwanja vya kuteleza, na safari kutoka Beijing huchukua kama saa moja. Chongli hupata theluji kidogo ya asili, kwa hiyo sehemu kubwa hutengenezwa kwa mashine zinazorusha maji hewani yakaganda.

La pili ni Yabuli, katika jimbo la Heilongjiang, karibu kilomita 200 kutoka Harbin. Ni eneo la siku nyingi, na mashindano ya theluji ya Michezo ya Asia ya Majira ya Baridi yalifanyika hapo 1996 na tena Februari 2025. Huko theluji ya asili ni nyingi zaidi, lakini baridi nayo ni kali kuliko Chongli. Wengi huunganisha safari ya Yabuli na maonyesho makubwa ya majumba ya barafu mjini Harbin.

Kwa anayeanza na anayetokea Beijing, Chongli ni rahisi kufika. Anayesoma kaskazini mashariki ataona Yabuli iko karibu.

Lini ni bora kwenda?

Msimu huanza kati ya Novemba na Desemba na kuendelea hadi Machi. Epuka wiki ya Mwaka Mpya wa Kichina, ambao huangukia kati ya mwisho wa Januari na katikati ya Februari. Wakati huo mamilioni ya watu husafiri kwenda makwao, tiketi za treni huisha mapema na vyumba hupanda bei. Siku za katikati ya wiki huwa na watu wachache kuliko Jumamosi na Jumapili, na mara nyingi bei yake ni ya chini.

Fahamu pia kwamba jua huzama mapema. Harbin mwezi Desemba giza huingia karibu saa 10 jioni.

Karatasi, tiketi na simu

Anayetoka nyumbani anahitaji viza, na pasipoti iwe na angalau miezi sita kabla ya kuisha muda wake. Tiketi ya treni hukatwa kwa jina na namba ya pasipoti, hivyo pasipoti usiiache hotelini siku ya safari. Ukifikia nyumbani kwa rafiki badala ya hoteli, sheria inataka ukaandikishwe polisi ndani ya saa 24. Hoteli hukuandikisha yenyewe.

Saa za tiketi huandikwa kwa mtindo wa saa 24: 14:00 ni saa 8 mchana. China iko mbele ya Afrika Mashariki kwa saa tano.

WhatsApp, Facebook na Google zimefungwa China. Kubalianeni mapema na walioko nyumbani jinsi mtakavyowasiliana, ili kimya cha siku mbili kisizue hofu. Malipo mengi hufanywa kwa simu kupitia WeChat au Alipay. Ziandae kabla hujapanda mlimani, na ubebe fedha taslimu kidogo. Simu ikae mfuko wa ndani karibu na mwili, kwa kuwa baridi humaliza chaji haraka.

Nguo: vaa kwa tabaka

Koti moja zito halitoshi. Tabaka la kwanza ni nguo ya kubana ya sufu au ya kitambaa kisichoshika jasho. La pili ni sweta nene. La tatu ni koti na suruali visivyopitisha upepo wala maji. Nguo za pamba na suruali za jinzi hazifai: zikilowa hazikauki, na nguo mbichi hunyonya joto la mwili.

Makoti mazito hupatikana kwa bei nafuu kwenye mitumba, kama Gikomba au Owino. Kagua zipu na mishono kabla ya kulipa. Ongeza glavu, kofia inayofunika masikio, soksi za sufu, miwani ya kukinga mwanga na mafuta ya kulinda midomo. Ngozi nyeusi nayo huungua kwa jua linaloakisiwa na theluji, hivyo paka losheni ya kuzuia jua.

Mbao za kutelezea, viatu vyake na fimbo hukodishwa hapo hapo. Omba na kofia ngumu, hata kama inalipiwa kando.

Siku ya kwanza mlimani

Njia za kuteleza hupewa rangi: kijani kwa wanaoanza, buluu kwa waliozoea kiasi, nyeusi kwa mabingwa. Baki kwenye kijani hata kama wenzako wanakucheka.

Lipia mwalimu kwa saa chache. Atakufundisha kwanza kusimama: unakutanisha ncha za mbele za mbao na kutanua visigino, na kasi inapungua. Ukiona unashindwa kujizuia, kaa chini ukiegemea ubavuni. Kumbuka pia kanuni ya mlima: aliye mbele yako, upande wa chini, ndiye mwenye njia. Wewe unayetoka juu ndiye unayepaswa kumkwepa.

Wengine hudhani mchezo huu si wa watu wetu. Philip Boit wa Kenya alikuwa mkimbiaji kabla ya kujifunza kuteleza, naye alishiriki Olimpiki ya Nagano 1998. Sabrina Simader, aliyezaliwa Kilifi, aliiwakilisha Kenya Pyeongchang 2018.

Dalili za hatari

Kidole, pua au sikio likifa ganzi, likapauka na kuwa gumu, hilo ni jeraha la baridi. Ingia ndani mara moja. Usisugue kwa mikono wala theluji, na usiote moto, kwa sababu ngozi iliyokufa ganzi huungua bila wewe kuhisi. Tumia maji ya uvuguvugu, kisha muone daktari. Pombe haipashi mwili joto, bali huufanya upoteze joto haraka zaidi.

Namba ya gari la wagonjwa China ni 120, na ya polisi ni 110.

La mwisho ni bima. Bima nyingi za kawaida za safari hazilipi majeraha ya kuteleza kwenye theluji. Uliza swali hilo waziwazi kabla ya kulipa, na upate jibu kwa maandishi. Gharama ya mguu uliovunjika ugenini inaweza kuzidi gharama ya safari nzima, na mara nyingi wanaochangishwa ni ndugu walioko nyumbani.