Mashine ya Kupoza Hewa Inapokataa Kuanza

Muhula huu mashine ya kupoza hewa katika chumba chetu cha kompyuta ilikuwa ikinguruma kidogo, kisha ikanyamaza. Fundi aliyeitwa alisema kompresa imekufa, inunuliwe nyingine. Mwalimu wetu wa fizikia akaomba tuipime kwanza.

Akakata umeme, akaondoa chaji ya kapasita kwa rezista, maana kapasita huweza kumpiga mtu hata swichi ikiwa imezimwa. Kisha tukapima ncha tatu za kompresa. Baina ya ncha ya pamoja na ya kuendeshea tulipata omu 2. Ya pamoja na ya kuanzia, omu 5. Na baina ya kuendeshea na kuanzia, omu 7, yaani jumla yake. Hesabu ikitimia hivyo, koili hazijakatika. Tena hapakuwa na njia ya umeme baina ya ncha yoyote na chuma cha kompresa. Ingekuwapo, fundi angekuwa na haki.

Ikabaki kapasita. Imeandikwa maikrofaradi 35, nasi tulisoma 9 tu! Mota ikikosa msukumo wa kuanzia hunguruma pale pale, ikapata moto, hata kinga yake ikakata umeme. Kapasita mpya ilipotiwa, mashine ikaanza mara moja. Ile mbovu ninayo sandukuni mwangu bwenini.