Ndege wa Korogwe akishuka daraja harudi

UKIPANDA basi la mashabiki kutoka Dar es Salaam kwenda Arusha, ramani ya safari huwa iko kichwani: Chalinze, Mkata, Kabuku, Segera, Korogwe, Mombo, Same. Konda akitangaza kuchimba dawa, watu wanateremka na jezi zao, wanakunywa soda, wanabishana kuhusu beki wa kushoto, halafu honi inalia na safari inaendelea.

Wachache wanageuza shingo kutazama kulia. Huko Milima ya Usambara imesimama kama jukwaa la mzunguko, na ndani yake wapo ndege ambao watu hupanda ndege nyingine mbili tatu kutoka Ulaya na Marekani ili tu wawaone kwa dakika moja.

Shabiki wa soka Bongo anawajua ndege kwa majina ya timu. Korongo wa Uganda walilala 3-0 Uwanja wa Taifa Machi 24, 2019, siku Taifa Stars ilipofuzu AFCON baada ya kusubiri tangu 1980. Nigeria wana tai wao, Mali na Tunisia vilevile. Lakini ndege wenyewe, wale wenye mabawa, wako jirani kuliko anavyodhani.

Anzia Handeni

Njia nzuri inaanzia Mkata. Unaacha barabara kuu, unakula lami kilometa 54 hadi Handeni mjini, halafu kilometa 65 nyingine hadi Korogwe. Hapa ni kwa Wazigua, nchi ya joto na vichaka vya miiba. Mgeni anaweza kudhani hakuna kitu, mpaka atoke saa 12 asubuhi.

Muda huo kanga wanavuka njia kwa makundi, kwezi wanang'aa juani kama wamepakwa mafuta, na tai wanasubiri hewa ipate moto ndipo wapae. Ikifika saa nne, mechi imeisha. Wote wamejificha kivulini, na aliyechelewa kuamka amekosa kipindi cha kwanza na cha pili.

Ukifika Korogwe, mambo yanabadilika. Kuna Mto Pangani, kuna mashamba ya mkonge, kuna mashamba ya mpunga. Mdiria anatulia juu ya tawi akipiga hesabu ya samaki, kisha anashuka mara moja tu, kama straika asiyehitaji nafasi ya pili. Yangeyange wanatembea nyuma ya ng'ombe wakiokota wadudu wanaoruka. Hao hawana kiingilio. Unawaona ukiwa umesimama pembeni ya barabara.

Panda mlimani

Kutoka hapo kuna njia mbili za kupanda. Ya kwanza ni Mombo, Soni hadi Lushoto, kisha Msitu wa Magamba. Huku ni Usambara Magharibi, baridi yake inataka sweta. Kuna ndege mmoja mdogo, mgongo wa kahawia, anayeokota wadudu chini kwenye giza la msitu. Dunia nzima anaishi Usambara Magharibi tu. Hana mechi ya ugenini.

Ya pili inapita Bonde la Lwengera, linalotenganisha Usambara Magharibi na Mashariki. Unapita Magoma na Mashewa kuelekea Msitu wa Hifadhi ya Mazingira Nilo. Ukitaka Amani, hifadhi ya kwanza ya aina hiyo nchini, iliyotangazwa 1997, wengi hupitia Muheza na kuingilia Zigi. Misitu hii iko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Unalipa kiingilio, unachukua mwongozaji, unaingia.

Wa kwanza kumsikia atakuwa hondohondo. Mabawa yake yanavuma kama feni bovu. Huyu ndoa yake ni ya nidhamu kali: jike anaingia kwenye tundu la mti, mlango unazibwa kwa udongo, unabaki ufa mwembamba tu wa kupitisha chakula. Kipa huyo hatoki golini mpaka kazi ya kulea ifike mahali pake, na dume ndiye anayehangaika kutwa kumletea matunda.

Aliyewafuatilia sana hondohondo wa Amani ni Mwingereza Reginald Moreau, aliyefika kituo cha utafiti cha hapo 1928. Hakuwa amesomea ndege. Alitokea kwenye ukaguzi wa hesabu. Alikuwa shabiki tu, ila shabiki wa kuandika kila kitu. Mwaka 1931 ndege mdogo wa Amani mwenye mdomo mrefu, wa jamii ya ndege washonaji, akapewa jina la kisayansi la kumuenzi yeye.

Huyo mshonaji ndiye staa wa kikosi. Kwa Tanzania anapatikana Usambara Mashariki tu, Amani na Nilo. Kumuona ni kazi. Anajificha kwenye mitambaa iliyosongamana kwenye pengo la msitu, unasikia sauti tu, unasimama nusu saa shingo ikiuma, halafu jani linatikisika. Ukipepesa macho, bao limeingia na hujaliona.

Daraja lisilo na mechi ya mchujo

Watu wa Tanga wanaijua vizuri habari ya kushuka. Msimu wa 2015/16 timu zote tatu za mkoa, Coastal Union, African Sports na Mgambo JKT ya Handeni, zilishuka Ligi Kuu kwa mpigo. Mkwakwani ikabaki kimya. Lakini Coastal ilipambana, ikarudi 2018, na 2024 Wagosi wa Kaya wakamaliza ligi nafasi ya nne.

Mshonaji wa Amani hana njia hiyo. Yumo kwenye orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka duniani. Msitu wake umekatwa vipande vipande kwa miaka mingi: mbao, chai, iliki, wachimbaji wa dhahabu. Akishuka, hakuna daraja la kwanza la kujipanga, hakuna usajili wa dirisha dogo.

Na si haki kumnyooshea kidole mkulima wa mlimani pekee. Iliki inalipa ada ya shule. Ndege hajawahi kumlipia mtoto wake hata daftari. Hapo ndipo mgeni anapokuwa na maana. Akilala kijijini, akala ugali wa pale, akamlipa kijana wa pale amwongoze, mti uliosimama unaanza kuwa na bei.

AFCON ya 2027, Tanzania, Kenya na Uganda zimepewa kuandaa kwa pamoja, na Arusha unajengwa uwanja. Barabara ya mabasi ni hii hii. Mashabiki watapita Segera na Korogwe kwa maelfu, na wengi watakuwa na siku mbili tatu za bure kati ya mechi na mechi.

Anayetaka kujaribu hahitaji mengi: darubini hata ya kuazima, viatu vya kushika tope, nguo isiyowaka rangi, na simu isiyoita. Aepuke masika, barabara za mlimani zinateleza. Akija kati ya Oktoba na Machi atawakuta pia wageni waliokimbia baridi ya Ulaya, mbayuwayu na wenzake.

Jezi aiache kwenye begi. Na vuvuzela aliache Korogwe stendi.